Tamathali za Semi: Namna ya Kuzisikia, Kuzipima na Kuzitunga

Mwishoni mwa mwaka 2015, Rais John Magufuli wa Tanzania alipoanza kuwasimamisha kazi watumishi waliotuhumiwa ubadhirifu, zoezi lile lilipata jina upesi: kutumbua majipu. Hakuna aliyeomba ufafanuzi. Aliyeondolewa ofisini alikuwa "ametumbuliwa", aliyebaki akiogopa kusikia jina lake redioni alikuwa "jipu", na neno likaenea daladalani, kwenye vibonzo na kwenye vichwa vya habari.

Sasa liseme jambo hilohilo kwa maneno makavu: Rais amemsimamisha kazi mtumishi anayetuhumiwa. Habari ni ileile, lakini tazama kilichopotea. Jipu likitumbuliwa huuma, na kila aliyewahi kuwa nalo anajua kwamba maumivu hayo ndiyo mwanzo wa kupona. Kwa hiyo ukali wa hatua umeshasamehewa kabla haujalalamikiwa. Anayetumbua ni tabibu, na tabibu halaumiwi kwa kushika kisu. Tena jipu haliulizwi lina utetezi gani. Mtumishi ana haki ya kusikilizwa, usaha hauna. Maneno mawili yamebeba hoja tatu, na hata moja haikujadiliwa.

Ukiweza kufanya uchambuzi wa namna hii kwa usemi wowote unaoupata njiani, umejua tamathali. Usipoweza, hata ukikariri majina arobaini, bado hujafika. Mwongozo huu ni wa anayetaka kufika: mwanafunzi wa sekondari, mzazi anayemsaidia mwanawe kazi ya nyumbani, katibu wa kikundi anayeandaa risala, mshereheshaji wa harusi, au mpiga kura anayetaka kujua mgombea amempitishia nini chini ya meza.

KWA NINI ORODHA ISIWE MWANZO

Wengi tulianzishiwa tamathali kwa orodha ubaoni: jina, maana, mfano mmoja. Orodha ina faida yake, ila humzoesha mtu kutazama alama za nje. Akiona "kama" anaandika tashbihi. Akiona alama ya kuuliza anaandika balagha. Kisha anaulizwa kwa nini mwandishi hakusema tu kwamba mtu aliyefananishwa na mlingoti alikuwa mrefu, naye anajibu: "Ili kupamba lugha." Jibu hilo halina kitu. Waandishi wazuri hawapambi. Wana shida fulani ya kusema jambo, na tamathali ndiyo njia waliyoipata. Anza kwa kuisikia shida hiyo. Jina litakuja baadaye, na likija halitasahaulika.

MAHITAJI

• Daftari dogo lenye safu tatu: usemi, nani kamwambia nani, wapi.
• Redio, hasa siku za mechi.
• Mtu mmoja aliyekuzidi umri anayezungumza Kiswahili cha kwao, awe wa Pemba, Lamu, Tanga au Ujiji. Huyu utamuuliza maana, si majina ya tamathali.
• Kitabu cha fasihi cha mtaala wako, lakini kiache kabatini kwa wiki ya kwanza.

HATUA YA 1: SIKIA KABLA YA KUTAJA

1. Kwa wiki nzima, kila unaposikia mtu akisema jambo ambalo likichukuliwa neno kwa neno si kweli, liandike.
2. Andika na aliyelisema, kwa nani, na mahali gani. Bila hayo, nusu ya maana itakuwa imepotea utakaporudi kusoma.
3. Usiandike jina la tamathali. Kishawishi kitakuja; kikatae.

Mahali pa kusikilizia pako tele. Watangazaji wa mpira ni walimu wazuri kuliko wanavyojua wenyewe. Mshambuliaji akifunga, kwao "amefumania nyavu". Fikiri kitenzi hicho. Kufumania ni kumkuta mtu ghafla akiwa katika jambo la siri, tena kwa kawaida ni jambo la aibu. Nyavu zimegeuzwa mtu aliyedhani yuko salama chumbani, na kipa amegeuzwa mwenye nyumba asiye na habari. Msikilizaji aliyezoea haoni tena picha hiyo, lakini kicheko chake bado kimo ndani ya neno. Timu nazo huvuna pointi, au huondoka mikono mitupu.

Kanga ni darasa la mafumbo. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake wengi huzijua kwa maandishi "Mali ya Abdulla", limekuwepo tangu 1887, na biashara hiyo haijawahi kukosa wateja wenye la kusema. Mwanamke akipita mbele ya jirani yake amevaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", hajafungua mdomo. Akiulizwa, atasema aliipendea rangi. Kumbuka mlango huo wa kutokea, maana tutaurudia.

Msibani na kwenye posa sikiliza namna watu wanavyozunguka jambo. Sokoni sikiliza chumvi: bei ya kutupa, mali ya bure. Mitandaoni utapata vingi pia, ingawa huko mara nyingi usemi hufika umekwisha kuliwa na wengi na umebaki ganda.

HATUA YA 2: UVUE USEMI

Hii ndiyo hatua kuu. Ukikosa muda wa zote, fanya hii.

1. Chukua usemi mmoja daftarini, uuandike upya kwa maneno makavu kabisa.
2. Weka sentensi mbili hizo sambamba.
3. Jiulize kilichopotea ni nini kati ya haya: picha, kipimo, heshima, sauti, au mlango wa kutokea.
4. Mbadilishe msemaji. Weka usemi uleule kinywani mwa mtu mwingine uone kama maana imehama.
5. Ikiwa hakuna kilichopotea, usemi huo umekufa kama tamathali. Uache.

Semi zilizokufa ni nyingi, na hazina kosa. Mguu wa meza, mdomo wa chungu, kichwa cha habari: zamani zilikuwa picha, leo ni majina ya vitu tu. Vivyo hivyo "homa imenishika" na "usingizi umenichukua". Kiswahili kina mazoea ya kuyapa maradhi na hali mikono ya kumkamata mtu, na anayesema hivyo hajifanyi mshairi. Ukiziandika kwenye karatasi ya mtihani kuwa tashihisi hutapata mtu wa kukushangilia.

Namba nne hapo juu, ya kumbadilisha msemaji, ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofundisha zaidi. Mwenye jumba la ghorofa akikuambia "karibu kwenye kibanda changu", amejishusha; hiyo ni adabu. Jirani akipita na kusema "kile kibanda cha fulani", ametukana. Neno halikubadilika hata herufi. Aliyebadilika ni msemaji.

HATUA YA 3: ZIPANGE KWA KAZI ZAKE

Sasa unaweza kuleta majina. Yapange kwa kazi, usiyapange kwa alfabeti.

Zinazofananisha

Tashbihi huweka vitu viwili kando kwa kando na kuacha kiungo kionekane: kama, mithili ya, mfano wa, utadhani, kana kwamba. King'ang'anizi kama kupe. Mwenye maringo kama tausi. Sitiari huondoa kiungo: yule ni kupe. Tofauti yake si ya kisarufi tu. Tashbihi humwachia msikilizaji nafasi ya kusema "hapana, si kupe kiasi hicho", lakini sitiari imeshahukumu. Ndiyo maana mkali wa maneno hupenda sitiari, na mpatanishi hurudi kwenye "kama".

Tashihisi hukipa kisicho mtu tabia ya mtu. Iliyo hai utaijua kwa kuwa inakufanya uone tendo: "Njaa ilikaa kitako jikoni kwetu tangu Jumatatu, haina dalili ya kuaga." Jazanda nayo ni picha inayoendelea, inayotawala aya au hadithi nzima badala ya kung'aa katika sentensi moja na kuzimika.

Zinazokuza na kupunguza

Chuku, au kutia chumvi, inajulikana: nimekuambia mara elfu moja. Ila Kiswahili kina chombo cha kukuza na kupunguza ambacho miongozo mingi haikitaji, nacho ni ngeli. Kwa kuongeza au kuondoa kiambishi tu, mtu anakuwa jitu au kijitu, nyumba inakuwa jumba au kijumba, nyoka anakuwa joka. Huhitaji sentensi ya chuku kumdharau mtu. "Kijitu kile" inatosha, tena viambishi vyote vinavyofuata vinaendelea kumdogosha: kijitu kile kilikuja, kikasimama, kikasema. Kila kitenzi kinampiga kofi. Soma hadithi yoyote ya Kiswahili ukifuatilia ngeli peke yake, utagundua mwandishi anampenda nani na hampendi nani kabla hajakwambia.

Tafsida hupunguza ukali: amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, mja mzito, kwenda haja. Kazi yake ni kumlinda anayeguswa. Kwa hiyo uwe mwangalifu na semi zinazojificha humo. Mtaani watu waliwahi kusema kwamba aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI "amekanyaga miwaya". Neno lenyewe la ugonjwa limeepukwa, ni kweli, lakini uvue usemi huo uone unamlinda nani. Haumlindi mgonjwa, unamcheka. Kwa kazi yake hiyo ni kejeli iliyovaa nguo za tafsida.

Zinazosema kinyume

Kinaya ni pale yanayosemwa au yanayotokea yanapokwenda kinyume na yanayotarajiwa. Kejeli ni pale kinyume hicho kinapoelekezwa kwa mtu ili kimchome. Mfano bora wa kujifunzia unapatikana kwa Kiswahili, kwa mkono wa Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar; chapa yake ya 1969 inaitwa Juliasi Kaizari. Tafuta hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari. Anawasifu wauaji kwa sifa moja, anairudia, anairudia tena, na kila mara ushahidi anaouweka kando yake unaifanya sifa ile ioze kidogo. Isome kwa sauti ukiweka alama pale unapohisi sifa imegeuka tusi. Wasomaji wawili hawataweka alama mahali pamoja, na mabishano yenu hapo yatawafundisha kinaya vizuri kuliko fasili.

Swali lisilongoja jibu liko katika kundi hili pia. Humpa msikilizaji jibu huku likijifanya kumwomba.

Zinazofanya kazi kwa sauti

Mtu akianguka, Kiswahili kinataka kujua ameangukia wapi: majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Hizi ni tanakali za sauti, na kila moja ina mwenzake anayeandamana nayo. Giza ni totoro, kimya ni jii, mtu hulala fofofo, hulowa chepechepe, ukumbi hujaa pomoni, shuka huwa nyeupe pe. Usizichanganye, "giza pomoni" halimtishi mtu. Zikariri kwa jozi, tena kwa kusema. Hizi ndizo tamathali pekee ambazo ningekushauri uzikariri bila kusubiri kuzielewa, kwa sababu nyingi hazina maelezo zaidi ya mlio wake.

Takriri ni urudiaji, iwe wa sauti, neno au muundo. Methali ndizo zinazoufundisha vizuri. Katika "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", jiulize kwa nini guu na si mguu. Sikio linataka "kuu" ijibiwe na "guu", na kwa bahati nzuri ukubwa wa neno hilo unaukuza mvunjiko wenyewe. Sikiliza pia "Umdhaniaye ndiye kumbe siye": maneno mawili yenye kina kimoja, ndiye na siye, yanagongana maana. Sauti inasema ni mamoja, maana inasema ni mbali. Hapo takriri na ukinzani vinafanya kazi katika pumzi moja.

Zinazosimamia kitu kingine

Taashira ni kitu kinachobeba maana kubwa kuliko umbo lake. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Nyerere alizungumzia kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka. Siku hiyo ilikuwa sitiari. Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, mwenge halisi ulipelekwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda, na picha ya maneno ikawa kitu cha kushikika. Mwenge wa Uhuru unaokimbizwa mikoani hadi leo ni taashira iliyozaliwa na sitiari.

Upande wa Kenya, tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipeana mikono mbele ya Harambee House jijini Nairobi, na mapatano yote yaliyofuata yakaitwa "handisheki". Tendo moja dogo likasimama badala ya mazungumzo marefu ambayo umma haukuyasikia. Uvue usemi huo na utaona ulichoficha: yaliyokubaliwa. Mkono unaonekana, karatasi haionekani.

Majazi, kwa maana inayotumika sana katika madarasa ya Kenya, ni jina linalolingana na tabia ya mhusika. Shaaban Robert aliitumia waziwazi katika Kusadikika, kitabu cha 1951: mshtakiwa anaitwa Karama, anayemshtaki anaitwa Majivuno. Hukumu ya msomaji inaanza kwenye majina.

MAJINA MAWILI, KITU KIMOJA

Vitabu vya nchi zetu havikubaliani. Kabla ya mtihani, jua mtaala wako unasemaje.

• Kulinganisha kwa kiungo: tashbihi, Tanzania utakuta pia tashibiha.
• Kufananisha bila kiungo: sitiari, vitabu vingi vya Kenya huandika istiara. Kwingineko istiara ni hadithi nzima yenye maana ya pili, kama Kusadikika.
• Kukipa kitu utu: tashihisi, tashhisi, uhuishaji.
• Kukuza kupita kiasi: chuku kwa Kenya, mubalagha kwa Tanzania.
• Swali lisilongoja jibu: balagha kwa Kenya, tashititi kwa Tanzania.

Mbili za mwisho ndizo mtego. Balagha si mubalagha. Mwanafunzi anayevuka mpaka, au anayesoma vitabu vya pande zote mbili, huandika moja akikusudia nyingine. Tena wataalamu hutumia balagha kwa sanaa yote ya ushawishi kwa maneno. Ukiwa na shaka, eleza kazi ya usemi kwanza, halafu utaje jina.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kila "kama" kuiita tashbihi. "Kama mvua itanyesha" ni sharti. "Watu kama ishirini" ni kadirio. "Fanya kama nilivyokuambia" ni namna. "Zuhura ni mrefu kama dada yake" ni kipimo cha kweli. Tashbihi inahitaji vitu vya jinsi mbili tofauti vikutane: mtu na mlingoti, mtu na kupe.

Kuita nahau sitiari ya mwandishi. Kupata jiko, kula chumvi nyingi, mkono birika: hizi ni mali ya jamii. Mwandishi akizitumia kama zilivyo, sema ametumia nahau. Akizichezea, kwa mfano akasema bwana fulani alipata jiko lisilowaka, hapo ndipo pana ubunifu wa kueleza.

Kuchagua jina moja kwa lazima. Usemi mmoja unaweza kufanya kazi mbili, kama ulivyoona kwenye methali. Taja zote mbili ikiwa unaweza kuzithibitisha.

HATUA YA 4: TUNGA ZAKO

Tuseme umepewa dakika tatu kwenye mkutano wa wazazi kuzungumzia vyoo vya shule.

1. Andika kavu kwanza. "Vyoo havitoshi. Watoto hupoteza muda kwenye foleni."
2. Chagua sehemu moja tu inayohitaji nguvu. Hapa ni muda, si uchafu.
3. Tafuta picha katika maisha ya wanaokusikiliza. Ukiwaambia wavuvi wa Mafia kwamba biashara "iko maji mafu", wataelewa mara moja, maana wanajua siku ambazo bahari haiji wala haiendi. Ukienda na usemi huohuo Dodoma utaulizwa maswali.
4. Isome kwa sauti, umesimama. Kinachokukwaza ulimi kitawakwaza masikio.
5. Ukikuta picha mbili zinagombania nafasi, fukuza moja.

Hivi ndivyo isivyotakiwa: "Ndugu wazazi, vyoo vyetu ni jehanamu iwakayo, ni bahari ya uchafu, ni joka linalowameza watoto wetu kama chatu." Moto, maji na nyoka vimegongana, na nyoka mwenyewe amefananishwa na nyoka. Wazazi watacheka, kisha watakwenda nyumbani.

Na hivi ndivyo inavyoweza kuwa: "Kengele ya mapumziko ikilia, watoto hawaendi kucheza, wanapanga foleni. Kengele ya darasani ikilia, bado wamo kwenye foleni. Matundu manne, watoto mia sita. Nani kati yetu angekubali kungoja hivyo nyumbani kwake?" Humo hamna sitiari hata moja. Kuna takriri ya kengele na foleni, takwimu mbili zilizowekwa bega kwa bega, na swali moja. Watu wengi hudhani tamathali ni picha tu, ilhali mpangilio wa maneno hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

ONYO

Kuna mahali ambapo tamathali ni hatari, na hakuna ufundi wa kuzidi huo wa kuiacha.

• Maelekezo ya dawa, mikataba, maelezo polisi na matangazo ya hatari. Hapo sema kavu.
• Habari za msiba kwa ujumbe wa simu. Ukiandika "Mgonjwa amepumzika", umemfariji mmoja na kumdanganya mwingine. Tafsida inahitaji uso wa msemaji au sauti yake.
• Mtoto mdogo aliyefiwa. Akiambiwa baba amesafiri, atangoja.
• Usemi unaomgeuza mtu mdudu au uchafu. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Uvue usemi huo kwa hatua tano ulizojifunza: mende hana jina, hana mama, hasikilizwi, na anayemponda hajioni kuwa ameua. Ukisikia kiongozi, shabiki wa mpira au msimamizi wa kundi la WhatsApp akianza njia hiyo, usimsifie ufundi.

KWENYE KARATASI YA MTIHANI

Iwe ni Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE nchini Kenya au fasihi ya NECTA nchini Tanzania, fuata mpangilio huu katika kila hoja: jina, ushahidi, kazi.

Jibu dhaifu: "Mwandishi ametumia tashihisi ili kupamba kazi yake na kuvutia msomaji."

Jibu zuri: "Mwandishi ametumia tashihisi anaposema njaa 'ilikaa kitako jikoni, haina dalili ya kuaga'. Njaa imepewa tabia ya mgeni mkaidi, hivyo tunaona familia iliyozoea shida kiasi cha kuiona kama mkazi mwenzao, na pia tunaona adabu inayowazuia kumfukuza mgeni huyo."

Jibu la pili ni refu, na linastahili. Likikushinda muda, punguza idadi ya hoja pale swali linapokuruhusu, usipunguze kazi.

ORODHA YA UKAGUZI

Kabla hujawasilisha insha, risala au hotuba, pitia haya:

□ Nimeandika jambo lenyewe kavu, na linaeleweka hata bila tamathali.
□ Kila tamathali iliyobaki, nikiivua, kuna kitu kinapotea ninachoweza kukitaja.
□ Hakuna picha mbili zinazogombana katika sentensi moja.
□ Tanakali zimekaa na wenzake.
□ Nimeangalia ngeli: sijamdogosha wala kumkuza mtu bila kukusudia.
□ Ninajua ni nani anaweza kuumizwa na usemi huu, na nimeamua makusudi kuuacha au kuutoa.
□ Nimemsomea mtu mmoja asiyejua jina la tamathali hata moja, naye ameelewa mara ya kwanza.